Hita ya Maji ya Papo Hapo Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hita za umeme zisizo na tangi, yaani zile zinazopasha maji moto yakiwa njiani kutoka kwenye bomba kwenda mwilini. Mahesabu yote yamefanywa kwa umeme wa volti 230 na bei za Tanzania Bara. Msomaji wa Zanzibar, Kenya au kwingineko atumie lita na kilowati zilezile, kisha aweke bei ya kwake. Kwa Kenya akumbuke kwamba bei ya yuniti hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi kwa sababu ya tozo za mafuta na za fedha za kigeni. Yuniti moja ni kilowati-saa moja popote pale.

## Mambo ya msingi

1. Hita ya papo hapo ni kitu gani, na inatofautianaje na boila?

Boila ni tangi lenye koili ndani yake: hupasha maji kwanza, huyatunza, kisha wewe huyatumia. Hita ya papo hapo haitunzi chochote. Ukifungua bomba, msukumo wa maji hubonyeza kiwambo cha mpira kilichomo ndani, kiwambo hicho hugusanisha umeme, koili huwaka, na maji hupata moto katika sekunde chache za kupita kando yake. Ukifunga bomba, kiwambo hurudi na umeme hukatika.

Aina inayojulikana zaidi kwetu ni ile ya kichwa cha bomba la mvua, ambayo ni kifaa cha kila siku nchini Brazili na ambayo Kenya wengi huiita instanti. Nyingi zina kilowati 3.5 hadi 5.5, na chache hufika 7.5. Kuna pia boksi dogo la ukutani lenye bomba la mkononi, na bomba la jikoni lenye hita ndani yake, ambalo kwa kawaida lina kilowati 3 hivi.

2. Je, ni kweli kwamba inakula umeme kuliko kifaa kingine chochote?

Inaula kwa kasi kuliko karibu kila kifaa kilichomo nyumbani, lakini kasi si kiasi, na hapo ndipo ubishi mwingi kuhusu hita hizi unapoanzia. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji wati-saa 1.16, na maji hayajali yamepashwa na nini. Ndoo yenye lita 15 iliyotolewa kwenye digrii 13 za asubuhi ya Njombe hadi digrii 39 zinazofaa kuogea inahitaji yuniti 0.45. Hita ya kilowati 5.5 ikifanya kazi kwa dakika tano hutumia yuniti 0.46 na kutoa lita 15 za joto hilohilo. Hita ya kuzamisha ndani ya ndoo, yenye kilowati 1, itafanya kazi hiyo kwa karibu nusu saa na kumaliza yuniti zilezile, pamoja na kidogo kinachopotelea hewani.

Ni kama watu wawili waliotumwa magunia kumi, mmoja akayapeleka kwa lori kwa safari moja na mwingine kwa toroli tangu asubuhi hadi jioni. Mzigo ni uleule, ila lori linahitaji barabara imara. Kwa hita ya papo hapo, barabara hiyo ni waya, breka na umeme wa mtaa wako, na kwa maoni yangu hayo ndiyo ya kuhangaikia kabla ya bili.

3. Kuoga mara moja kunagharimu shilingi ngapi?

Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye tarifa ya T1, yuniti moja ni shilingi 292 kabla ya kodi, kiwango kilichoanza kutumika Aprili 2016. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, mchango wa REA (wakala wa umeme vijijini) wa asilimia 3 na wa EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) wa asilimia 1, unafika karibu shilingi 356, na ndiyo maana shilingi 1,000 humpa mteja huyo yuniti 2.8. Dakika tano za hita ya kilowati 5.5 iliyofunguliwa moto wote ni shilingi 163. Dakika kumi ni 326. Viwango vikibadilika, zidisha upya kwa bei ya siku hiyo.

4. Mbona taa ya mita inapepesa kama imechanganyikiwa hita inapowashwa?

Inafanya kazi yake. Mita nyingi za LUKU, yaani za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zimeandikwa usoni idadi ya mipepeso kwa kila yuniti, mara nyingi 1,000 au 1,600. Kwa mita ya 1,000, hita ya kilowati 5.5 hupepesa taa mara 92 kwa dakika, yaani zaidi ya mara moja kila sekunde. Taa na televisheni peke yake zingepepesa mara tatu au nne.

Taa hiyohiyo ni kipimo cha bure. Zima vitu vingine vyote, mtu mmoja afungue maji ya moto, mwingine asimame kwenye mita na saa ahesabu mipepeso kwa dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa idadi iliyoandikwa kwenye mita, na utapata kilowati ambazo hita inatumia kwa kweli. Mara nyingi hazilingani na zilizoandikwa kwenye boksi, na sababu yake inaelezwa katika swali la 10.

## Gharama za mwezi

5. Familia ya watu watano itatumia kiasi gani kwa mwezi?

Watu watano wakioga mara moja kwa siku, dakika tano kila mmoja, kwa moto wote wa kilowati 5.5, hufanya saa 12 na nusu kwa mwezi, ambazo ni yuniti 69 au shilingi 24,500 hivi. Wakioga dakika kumi, ni mara mbili yake. Pwani, ambako maji ya tangi huwa na digrii 27 au zaidi, swichi ikiwekwa kwenye vuguvugu na hita ikatumia kilowati 3.3, zinatosha yuniti 41, yaani shilingi 14,700.

Kinachobadilisha bili ni dakika na digrii. Chapa ya hita haina nafasi kubwa katika hesabu hii, kwa sababu koili yoyote hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Muuzaji anayekuambia kwamba hita yake ya kilowati 5.5 inatumia nusu ya umeme wa nyingine ya kilowati 5.5 anakuuzia maneno.

6. Niko kwenye tarifa ya D1 ya shilingi 100. Hita itaniathiri vipi?

Hapa hesabu inauma kuliko mahali pengine popote, na wengi huigundua wakiwa wameshafunga hita. Tarifa ya D1 ni ya nyumba ambazo wastani wa matumizi yake hauzidi yuniti 75 kwa mwezi. Yuniti hizo ni shilingi 100 kabla ya kodi, na zinazozidi ni 350. Pamoja na kodi na michango, ni shilingi 122 na 427.

Tuchukue nyumba inayotumia yuniti 50 kwa taa, friji ndogo na televisheni: inalipa shilingi 6,100. Ikiongeza hita ya familia ya swali la 5, inafika yuniti 119. Yuniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150 na 44 zilizozidi ni kama 18,800, jumla karibu 28,000. Kisha, kwa kuwa imezidi na itaendelea kuzidi, nyumba hiyo itahamishiwa T1, ambako yuniti zote 119, hata zile za taa, zitalipiwa shilingi 356, na jumla kuwa zaidi ya 42,000. Hita iliyoonekana kuwa ya shilingi 24,500 imeongeza 36,000 kwenye matumizi ya mwezi.

Kwa nyumba ya namna hiyo ningeshauri hita itumike kwa watoto wadogo na wagonjwa, au miezi ya baridi tu, huku ukiangalia jumla ya yuniti ulizonunua tangu mwezi uanze. Kuhamia kwenye hita ya ndoo hakutasaidia, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 2.

7. Je, boila lingekuwa nafuu?

Kwa maji yanayotumika, la. Tofauti iko kwenye maji yasiyotumika. Boila la lita 50 lililoachwa limewashwa mchana na usiku linaweza kupoteza takriban yuniti moja kwa siku kupitia kuta zake, kutegemea unene wa godoro lililozungushiwa ndani, nazo ni shilingi 10,000 na ushei kwa mwezi za kupasha moto ukuta wa bafu. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kwa nyumba inayotumia lita 155 za maji ya moto kwa siku au pungufu, hita ya papo hapo huweza kuwa na ufanisi wa nishati unaozidi ule wa tangi kwa asilimia 24 hadi 34. Nyumba zetu nyingi hazifikii lita hizo.

Lakini boila linalowashwa kama saa mbili kabla ya kuoga na kuzimwa baadaye hupoteza kidogo sana, na lina sifa ambayo hita ya papo hapo haina: kilowati 1.5 tu zinalitosha, hivyo halitishi waya wala halijali umeme dhaifu, kwani likikosa nguvu huchelewa tu. Lita 50 zikifika digrii 60 na kuchanganywa na maji ya digrii 13, hutoa lita 90 za kuogea, ambazo zinawatosha watu sita wa lita 15 kila mmoja. Mtu wa Makete au Mafinga ambaye umeme wake hushuka kila jioni angefanya vyema kulifikiria boila kabla ya hita ya papo hapo, ingawa wauzaji wengi hawatamwambia hivyo.

8. Na gesi?

Wengi huamini kwamba kuchemsha maji ya kuoga kwa gesi ni nafuu kuliko umeme. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu yuniti 12.8, na kwenye jiko la kawaida tuchukulie kwamba nusu yake ndiyo inayoingia kwenye sufuria, nyingine ikipita pembeni. Kilo hiyo basi inafanya kazi ya yuniti 6.4 za umeme, ambazo kwa T1 ni shilingi 2,280. Ili gesi ishinde, mtungi wa kilo 6 ungepaswa kujazwa kwa chini ya shilingi 14,000. Linganisha na ulicholipa mara ya mwisho.

Anayechemsha kwa mkaa au kuni ana hesabu nyingine, ya muda na moshi, ambayo kila nyumba huijua yenyewe.

9. Nizime swichi ya ukutani kila nikimaliza kuoga?

Kwa ajili ya yuniti, haina tofauti, kwa sababu hita isiyopitisha maji haitumii umeme, isipokuwa taa ndogo ya swichi. Kwa ajili ya usalama, zima. Kiwambo cha mpira kilichochakaa huweza kunasa na kuiacha koili ikiwaka bila maji.

## Kuchagua inayofaa

10. Nimenunua ya kilowati 5.5 lakini jioni maji ni ya uvuguvugu tu. Nimeuziwa feki?

Huenda ni feki, lakini kwanza pima volti. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, hivyo upungufu unaoonekana mdogo hula sehemu kubwa ya joto. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, jambo la kawaida saa moja hadi saa tatu usiku katika mitaa iliyo mbali na transfoma, hita ya kilowati 5.5 hubaki na 3.75. Kwa mtiririko wa lita 3 kwa dakika, maji yaliyokuwa yakipanda digrii 26 sasa yanapanda 18.

Hesabu ya mipepeso iliyo katika swali la 4, ikifanywa mara moja saa kumi alfajiri na mara nyingine saa mbili usiku, itamaliza ubishi na muuzaji. Kama kwa mita ya 1,000 alfajiri unapata mipepeso 90 na usiku 63, hita ni nzima na tatizo liko kwenye nguzo. Ukipata 60 nyakati zote mbili, rudisha hita dukani. Kiimarisha volti cha friji hakifai kutibu hali hii, kwani hakikutengenezwa kubeba ampea 24.

11. Ninunue ya ukubwa gani kwa mkoa wangu?

Zidisha lita za dakika moja kwa digrii unazotaka kupandisha, kisha zidisha kwa 0.07, jibu ni kilowati. Mtiririko wa lita 4 kwa dakika unaridhisha, lita 3 zinatosha, na chini ya 2 utaoga kwa matone.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kutoka digrii 27 hadi 39 kwa lita 4, ni kilowati 3.4: hita ya 3.5 inatosha, na ya 5.5 itakulazimu uipunguze kila siku. Arusha na Nairobi, ambako maji ya msimu wa baridi tunaweza kuyakadiria kuwa digrii 18, ni kilowati 5.9 kwa lita 4 au 4.4 kwa lita 3. Njombe mwezi wa Julai, kutoka digrii 13, ni 7.3 kwa lita 4 au 5.5 kwa lita 3. Kwa maneno mengine, hita ileile inayomuunguza mtu wa Tanga humtosha kwa shida mtu wa Njombe, na ushauri wa ndugu aliye mkoa mwingine haukusaidii sana.

Usisahau kipima-joto cha jikoni: kichovye kwenye ndoo ya maji ya tangi lako saa kumi na mbili asubuhi, ndipo uende dukani.

12. Tangi langu liko juu ya bafu tu. Presha itatosha?

Kila mita moja ya kimo kati ya maji ya tangini na kichwa cha bomba huleta baa 0.1 tu. Hita nyingi za kichwa cha bomba la mvua huwaka kwenye presha ndogo kama hiyo, ilhali boksi la ukutani mara nyingi huhitaji zaidi, kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi kabla ya kulipa. Dalili ya presha haba ni hita inayowaka na kuzimika yenyewe. Pampu ndogo ya kuongeza presha ni dawa ya bei nafuu kuliko kuinua mnara.

13. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Nifanye nini?

Uliza kuhusu koili kabla ya kuuliza bei. Katika hita nyingi za kichwa cha bomba la mvua, koili ni waya mtupu uliozama kwenye maji. Maji yenyewe ndiyo kihami chake. Maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya mto, hupitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya pwani ambako bahari imepenya chini ya ardhi, huupitisha vizuri na kuuleta karibu na kichwa chako. Watengenezaji huuza aina maalumu kwa maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Hiyo ndiyo ya kununua, hata kama ni ghali zaidi.

Maji magumu ya chokaa, kama ya visima vya Dodoma, ni jambo jingine. Haya hujenga ukoko mweupe uleule unaouona ndani ya birika. Ukoko hauongezi sana bili, kwa kuwa joto halina pa kwenda isipokuwa kwenye maji, bali huifunika koili ikashindwa kupoa na mwishowe ikakatika. Zima umeme, fungua kichwa, kiloweke kwenye siki usiku kucha, sugua matundu kwa mswaki wa zamani, suuza.

## Ufungaji na usalama

14. Inahitaji waya na breka za ukubwa gani?

Hita ya kilowati 3.5 hubeba ampea 15: laini yake yenyewe ya waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya 20. Ya kilowati 5.5 hubeba 24: waya wa 4, au wa 6 kama umbali ni mrefu, na breka ya 32. Ya 7.5 hubeba 33: waya wa 6 au zaidi, na breka ya 40. Laini hiyo itoke kwenye boksi la breka moja kwa moja bila kugawana na kitu kingine, iwe na swichi inayokata waya zote mbili iliyo nje ya mkono wa mtu anayeoga, waya wa ethi unaofika kwenye hita, na breka ya uvujaji (inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Fundi awe na leseni ya EWURA, au ya EPRA kwa Kenya.

Sehemu inayoungua kwanza mara nyingi si waya, ni kiungo. Nyumba moja ya Iringa niliitwa kwa sababu bafu lilikuwa na harufu ya samaki kila asubuhi, na mama mwenye nyumba alikuwa ameshamshutumu paka. Nilipofungua kifuniko juu ya dari nilikuta hita ya kilowati 5.5 imeungwa kwa konekta ndogo ya plastiki ya taa, kwenye waya wa 1.5 uliochotwa kutoka laini ya taa. Plastiki imeyeyuka na kushika rangi ya kahawa, skrubu moja imelegea hadi inazungushika kwa kucha. Plastiki ya viungo vya umeme ikiungua hutoa harufu hiyo hasa. Ukiisikia mahali pasipo na samaki, zima mein swichi.

15. Je, naweza kuichomeka kwenye soketi?

Plagi yetu ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa ampea 13, yaani kilowati 3 basi. Bomba la jikoni la kilowati 3 liko ukingoni na litatia plagi joto likitumika kwa muda mrefu. Kitu chochote kilicho juu ya hapo, hapana.

16. Nikigusa bomba nasikia mtekenyo wa umeme. Ni kawaida?

Si kawaida, hata kama jirani amekuambia ndivyo zilivyo. Acha kuitumia leo. Sababu huwa ni ethi isiyokuwepo au iliyokatika, waya wa moto na nyutro zilizogeuzwa, au maji ya chumvi kwenye koili tupu kama ilivyoelezwa katika swali la 13. Kuvaa ndala za mpira kunaficha mtekenyo bila kuondoa hatari, kwani siku utakayogusa ukuta uliolowa ndala hazitakusaidia.

Wengine hulalamika kinyume chake: breka ya uvujaji inajikata kila wakioga, na fundi anapendekeza kuiondoa. Breka hiyo inakuambia kwamba umeme unavuja kwenye maji. Badilisha hita, usiondoe breka.

17. Inaweza kumuunguza mtoto?

Inaweza, hasa maeneo ya joto. Mtiririko ukishuka ghafla, labda kwa sababu mtu amefungua bomba la jikoni, kilowati zilezile huingia kwenye maji machache. Hita ya 5.5 ikibaki na lita 1.5 kwa dakika, maji ya digrii 27 yanaweza kufika karibu 80 kabla kinga ya joto haijakata, na maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Mtoto aogeshwe kwa maji yaliyokingwa kwenye beseni na kupimwa kwa kiwiko.

18. Koili inakatika kila baada ya miezi michache. Kwa nini?

Mbali na ukoko wa swali la 13, mkosaji mkubwa ni hewa. Baada ya mgao wa maji, mabomba huwa yamejaa hewa. Ukifungua hita moja kwa moja, koili huwaka ikiwa kavu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha. Kila maji yanaporudi, weka swichi kwenye baridi na uyaache yatiririke mpaka yaache kukohoa. Fanya hivyo pia siku ya kwanza ya kufunga hita na kila baada ya kubadilisha koili.

Mkosaji wa pili ni mkono wa mtumiaji: kugeuza swichi kutoka vuguvugu kwenda moto huku maji yanatoka. Hali hiyo huzalisha cheche zinazokula viguso vya ndani. Funga bomba, geuza, fungua.

## Hali za pekee

19. Tuna mabafu mawili. Hita mbili zitafanya kazi kwa pamoja?

Hita mbili za 5.5 ni ampea 48. Mein swichi ya ampea 60 itabaki na nafasi ya 12 kwa nyumba nzima, na pasi pamoja na birika vikiwashwa itajikata. Ama mkubaliane zamu, ama hita moja iwe ya 3.5, ama muombe umeme wa njia tatu.

20. Ndugu yangu Marekani ana kifaa kimoja kinachohudumia nyumba nzima. Kwa nini sisi tusiwe nacho?

Kifaa cha namna hiyo kina kilowati 24 au zaidi, na kwa volti 240 za kule hubeba ampea 100, zaidi ya uwezo wa nyumba nyingi za njia moja huku. Hata kwake, katika majimbo ambako maji ya majira ya baridi huingia nyumbani yakiwa na digrii 5, kilowati 24 hutoa lita 10 tu kwa dakika za kuogea, yaani bomba moja la mvua la kiwango cha juu kinachoruhusiwa kule. Kwetu kifaa hicho kingehitaji njia tatu, na kila tone lingesafiri: bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 hushika lita 2.6 ambazo ni lazima zimwagike baridi kabla ya moto kufika. Hita ndogo iliyo hapohapo unapooga haina hasara hiyo.

21. Itafanya kazi kwa jenereta, inveta au sola?

Betri ya lithiamu ya yuniti 5 ina nishati ya kuogesha watu kumi, lakini inveta ya kilowati 5 iliyo pembeni yake haiwezi kuisukuma hita ya 5.5 hata kwa dakika moja. Ni lori na barabara tena. Jenereta ndogo ya nyumbani ya kilowati 2.5 ndiyo kabisa. Mwenye inveta aitenge laini ya hita ibaki upande wa TANESCO pekee. Anayetaka jua limpashie maji anunue paneli za maji zenyewe, zilizo na tangi lake juu ya paa. Hizo zinapeleka joto moja kwa moja bila kupitia betri.

22. Tunachangia LUKU wapangaji wanne, na mmoja tu ana hita. Alipe kiasi gani?

Njia ya uhakika ni mita ndogo kwenye laini yake. Isipokuwepo, kumbukeni kwamba hita ya kilowati 5.5 humaliza yuniti moja kila dakika 11. Akioga dakika 8 kila siku, ni saa 4 kwa mwezi, yaani yuniti 22. Kwa shilingi 356 ni 7,830 juu ya mchango wake wa kawaida. Pimeni kwanza kilowati za kweli kwa mipepeso ya swali la 4, wapangaji wote wakiwa wamesimama kwenye mita, kwa sababu namba iliyohesabiwa mbele ya kila mtu haizushi ugomvi mwisho wa mwezi. Kama mita yenu ilikuwa kwenye D1 na hita yake ndiyo imeipandisha T1, ongezeko la bei kwenye yuniti za wengine nalo ni la kwake, na hesabu yake iko katika swali la 6.